Lugha ya nyumbani haimharibii mtoto akili

Imeota mizizi katika nyumba nyingi za mijini humu nchini imani kwamba mtoto akisikia lugha nyingi kwa wakati mmoja, akili yake itavurugika. Wazazi wenye imani hii hukata shauri mapema: Kiingereza tu. Yaya huonywa. Nyanya akija kutoka mashambani huombwa ajikaze na Kiswahili chake au anyamaze. Mtoto naye akitamka neno la Kikamba au la Kiluhya, hukaripiwa kana kwamba ametukana.

Nia ya wazazi hao ni njema. Wanajua kwamba mitihani karibu yote imeandikwa kwa Kiingereza, na kwamba mwenye Kiingereza kizuri hufunguliwa milango mingi. Wanachelea mtoto asije akatamka maneno kwa lafudhi ya kijijini, akachekwa darasani.

Hata hivyo, nia njema haitoshi ikiwa imejengwa juu ya uongo. Dai la kwamba lugha mbili au tatu ni mzigo kwa ubongo wa mtoto ni uongo, tena uongo mzee. Kwa maoni yangu, wakati umefika tuuzike, maanake hasara yake haiishii utotoni. Inamfuata mtu hadi uzeeni, na inawagusa wazee wetu walio hai leo.

Uongo ulikoanzia

Ndugu msomaji, usidhani imani hii ilitungwa na wazazi wetu. Ilitoka kwa wataalamu. Mwaka wa 1923 mtafiti aitwaye D. J. Saer alichapisha matokeo ya uchunguzi aliofanya huko Wales. Aliwapima akili watoto wapatao 1,400, akatangaza kwamba watoto wa mashambani waliosema Kiwelsi na Kiingereza walipata alama za chini kuliko wenzao wa lugha moja.

Lakini kwa watoto wa mjini tofauti hiyo haikuonekana. Jambo hilo peke yake lingetosha kumfanya mtu ajiulize kama kosa lilikuwa la lugha, au la umaskini na uhaba wa shule nzuri mashambani. Wengi hawakujiuliza. Kwa karibu miaka 40 uchunguzi wa aina hiyo ulirudiwa mahali pengi, na kosa likawa lile lile: mtoto wa maskini analinganishwa na wa tajiri, kisha lawama inatupiwa lugha ya nyumbani kwao.

Ni mwaka wa 1962 ambapo Elizabeth Peal na Wallace Lambert, wa Chuo Kikuu cha McGill mjini Montreal, Kanada, walifanya jambo lililokuwa likikosekana. Waliwachukua watoto wa miaka 10 wa shule za aina moja na familia za hali moja, wengine wakijua Kifaransa pekee, wengine Kifaransa na Kiingereza sawasawa. Safari hii wenye lugha mbili ndio waliofanya vizuri zaidi katika mitihani ya akili.

Huku kwetu, uongo huo uliwafaa wakoloni na ukaendelea hata baada yao. Mpango wa kufundisha kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza ulianzishwa Nairobi mwaka wa 1957. Mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o, katika kitabu chake cha mwaka wa 1986 kiitwacho Decolonising the Mind, ameeleza jinsi wanafunzi walionaswa wakisema Kigĩkũyũ shuleni walivyochapwa au kuvishwa kibao shingoni. Mtoto aliyevishwa kibao kwa kusema lugha ya mamake hujifunza somo moja, kwamba lugha hiyo ni aibu. Akikua na kupata watoto, huwakinga na aibu hiyo. Ndivyo woga unavyorithiwa.

Ubongo hufanya nini?

Mtu mwenye lugha mbili hana masanduku mawili kichwani, moja likifunguliwa jingine likifungwa. Wachunguzi wamegundua kwamba lugha zake zote huwa macho wakati wote. Mtoto wa Kisumu akiona kikombe cha maji, neno la Kidholuo "pi", la Kiswahili "maji" na lile la Kiingereza yote huamka. Ubongo huchagua linalomfaa anayezungumziwa na kuyazuia mengine, na hufanya hivyo upesi kuliko kupepesa jicho.

Kazi hiyo ya kuchagua na kuzuia hufanywa kwa msaada wa sehemu za mbele za ubongo, zile zile tunazozitumia tunapotuliza mawazo penye kelele au tunapoacha jambo moja na kushika jingine. Kwa hiyo anayesema lugha kadhaa huzizoeza sehemu hizo kila siku bila kujua. Mwaka wa 2004 watafiti wa London waliopiga picha za ubongo waliona kwamba watu wenye lugha mbili wana tishu nene zaidi katika sehemu fulani ya upande wa kushoto inayohusika na lugha.

Na je, mtoto mchanga hachanganyikiwi? Mwaka wa 2010, huko Vancouver, Kanada, watoto waliozaliwa na akina mama waliokuwa wakisema Kiingereza na Kitagalogi, lugha ya Ufilipino, walipimwa wakiwa na siku chache tu. Tayari waliweza kutofautisha mlio wa lugha moja na wa nyingine. Mtoto hutoka tumboni akiwa ameanza kazi hiyo.

Akifika miaka miwili au mitatu aseme "nipe pi baridi", si dalili ya ugonjwa. Anafanya anachofanya babake kazini na dadake kwenye matatu, yaani kulichukua neno lililo karibu. Watu wazima wa nchi hii huchanganya lugha kutwa nzima na hatuwapeleki kwa daktari.

Kuchelewa kusema

Hapa lazima nimwonye mzazi, kwani ndipo madhara yanapotokea. Mtoto anayelelewa kwa lugha mbili huanza kusema katika umri ule ule wa watoto wengine. Anaweza kuwa na maneno machache zaidi katika kila lugha akilinganishwa na mtoto wa lugha moja. Lakini ukiyahesabu maneno yake ya lugha zote pamoja, kwa kawaida utakuta hana upungufu.

Basi mtoto akifika miezi 18 bila kutamka neno hata moja katika lugha yoyote, au akatimiza miaka miwili bila kuunganisha maneno mawili, usiseme "ni hizi lugha nyingi, tutaacha moja kisha tungoje." Mpeleke hospitali. Jambo la kwanza kupimwa ni masikio, maana mtoto asiyesikia vizuri hawezi kusema vizuri. Ukiilaumu lugha ya nyanya na kukaa kungoja, unaweza kupoteza mwaka mzima ambao mtoto angetibiwa.

Yapo pia mambo ambayo wazazi hawayafikirii. Mama ambaye Kiingereza chake ni cha kubahatisha, anapoamua kumzungumzia mtoto kwa Kiingereza tu, huishia kusema machache. Njoo, keti, kula, nyamaza, lala. Hadithi hazipo, vitendawili hamna, wala mtoto haelezwi kwa nini mvua inanyesha. Ubongo wa mtoto hukuzwa kwa mazungumzo mengi na yenye maana. Mama mwenye Kimeru kitamu anayemnyima mtoto Kimeru hicho, akampa Kiingereza chembamba, amempunguzia chakula.

Watafiti waliowachunguza watoto wachanga jijini Accra, Ghana, ambao ripoti yao ilitoka mwaka wa 2025, waliwakuta wakisikia kati ya lugha 2 na 6. Walichogundua kinatuhusu sana. Lugha za kienyeji watoto walizisikia kwa kuzungumziwa na walezi wao ana kwa ana, ilhali Kiingereza kiliwafikia zaidi kupitia runinga na shughuli rasmi. Hapa kwetu pia, Kiingereza kitamfikia mtoto upende usipende: shuleni, kwenye runinga, kwenye simu. Lugha ya nyumbani haina mlango mwingine ila wewe.

Akiba ya uzeeni

Tuangalie sasa upande wa wazee. Shirika la Afya Duniani, WHO, linakadiria kwamba mwaka wa 2021 watu milioni 57 ulimwenguni walikuwa na dimenshia, yaani maradhi ya ubongo yanayomwondolea mtu kumbukumbu na uwezo wa kujitegemea. Wengi wao wako katika nchi zisizo tajiri. Aina yake inayojulikana zaidi ni ugonjwa wa Alzheimer, na dawa ya kuuponya haijapatikana.

Mwaka wa 2007 Ellen Bialystok na wenzake mjini Toronto walipitia rekodi za wagonjwa 184 wa dimenshia. Waliona kwamba wagonjwa waliosema lugha mbili maishani mwao walianza kuonyesha dalili kwa kuchelewa miaka 4 hivi wakilinganishwa na wa lugha moja. Baadhi ya watu walipinga wakisema kwamba wengi wa hao wa lugha mbili walikuwa wahamiaji, na huenda wahamiaji huwa na nguvu za pekee.

Jibu lilitoka India mwaka wa 2013. Daktari Suvarna Alladi na wenzake waliwachunguza wagonjwa 648 mjini Hyderabad. Mji huo haukosi kufanana na miji yetu, kwani mtu husema Kitelugu nyumbani, Kiurdu au Kihindi sokoni na Kiingereza ofisini, bila kuhama popote. Huko pia wenye lugha zaidi ya moja walichelewa kupata dalili kwa miaka 4 na nusu. La kutia moyo zaidi ni kwamba tofauti hiyo ilionekana hata kwa wazee wasiojua kusoma wala kuandika. Si shule iliyowasaidia, bali ulimi.

Watafiti hao walirejea mwaka wa 2016 na habari za kiharusi. Kati ya wagonjwa 608, asilimia 40 hivi ya wenye lugha kadhaa walibaki na akili timamu baada ya kiharusi, ilhali kwa wenye lugha moja ni kama asilimia 20.

Wataalamu huita jambo hili akiba ya ubongo. Lifananishe na nyumba yenye maghala mawili. Kiangazi hakikwepeki, ila mwenye nyumba hiyo hukaa muda mrefu zaidi kabla ya kuhisi njaa. Na kweli, mwaka wa 2012 picha za ubongo zilizopigwa Toronto zilionyesha kwamba wagonjwa wa Alzheimer wenye lugha mbili walikuwa na ubongo ulioharibika zaidi ya wenzao, ingawa walikuwa wakimudu maisha kwa kiwango kile kile. Maradhi yalikuwemo. Akiba ndiyo iliyowashikilia.

Wanaopinga wana hoja

Si haki kukueleza upande mmoja tu. Wapo wataalamu wanaosema faida hizi zimetiwa chumvi. Mwaka wa 2019 watafiti walitangaza matokeo ya watoto 4,524 wa Marekani wenye umri wa miaka 9 na 10, na hawakuona kwamba wenye lugha mbili wanawapita wenzao katika kudhibiti mawazo. Na mwaka wa 2014, uchunguzi uliowafuata wazee zaidi ya 1,000 wa New York wenye asili ya Amerika ya Kusini na visiwa vya Karibi, tangu wakiwa wazima, haukuona kwamba wenye lugha mbili walipatwa na dimenshia kwa nadra zaidi.

Kwa hivyo usije ukamwambia jirani kwamba mwenye Kiswahili na Kinandi hawezi kupata Alzheimer. Anaweza. Lugha si chanjo. Shinikizo la damu, kisukari, sigara na kutofanya mazoezi pia huuharibu ubongo, na hakuna wingi wa lugha utakaofuta madhara hayo.

Lakini tazama mabishano yenyewe yamefikia wapi. Wataalamu wanabishana kama lugha nyingi zina faida kubwa, ndogo au hazina kabisa kwa ubongo wa mtoto. Lile dai la kale, kwamba zinamharibia akili, halitetewi tena. Mzazi anayemfungia mtoto lugha kwa kuogopa madhara anaogopa kitu kisichokuwapo.

Mzee asiye na wa kuzungumza naye

Mzee aliyepatwa na dimenshia mara nyingi hupoteza kwanza lugha aliyojifunza ukubwani. Mwalimu mstaafu aliyefundisha kwa Kiingereza miaka 30 huenda akarudi polepole kwenye Kiteso cha utotoni mwake. Kwake ndiyo lugha ya mwisho kubaki, ya kuombea maji, ya kusema panapomuuma, ya kuitia majina ya nduguze.

Sasa fikiria mzee huyo anaishi na wajukuu ambao hawajui hata neno moja la Kiteso, kwa sababu miaka 15 iliyopita wazazi wao waliamua kwamba lugha hiyo itawachanganya. Mzee anaongea, hakuna anayemwelewa. Watasema amepayuka, kumbe anaomba blanketi. Upweke wa namna hiyo huzidisha maradhi, na hauna dawa katika duka lolote.

Hata hospitalini jambo hili huleta makosa. Kupima kumbukumbu, mganga humwuliza mgonjwa leo ni siku gani, humtajia maneno matatu na baadaye kumtaka ayarudie, au humwomba achore saa. Mzee akiulizwa hayo kwa lugha asiyoimudu, atashindwa, na kushindwa kwake kutaandikwa kuwa ni kusahau. Ukimpeleka mzazi wako kupimwa, omba aulizwe kwa lugha anayoijua vyema zaidi, na uende na mtu mzima anayeweza kutafsiri bila kuongeza wala kupunguza.

La kufanya

Kwanza, zungumza na mtoto kwa lugha unayoimudu vizuri kabisa, na uzungumze naye sana. Ikiwa baba ni Mkamba na mama ni Mluhya, si lazima nyumba ikimbilie Kiingereza. Kila mmoja na aseme yake, Kiswahili kiwaunganishe. Mtoto atazipata zote tatu, mradi azisikie kila siku na awe na sababu ya kuzitumia.

Pili, mpe nyanya na babu nafasi. Likizo ya Agosti au Desemba mashambani ina thamani kuliko masomo mengi ya ziada. Na wakija mjini, wasizibwe mdomo.

Tatu, usimcheke mtoto anayekosea, iwe ni katika Kiingereza au katika lugha ya kwao. Lugha hufa kwa kicheko haraka kuliko kwa fimbo.

Nne, wewe uliyekomaa usiseme umechelewa. Huko Edinburgh, Thomas Bak na wenzake waliwafuatilia watu zaidi ya 800 waliozaliwa mwaka wa 1936, ambao walikuwa wamepimwa akili mwaka wa 1947 wakiwa na miaka 11. Waliopimwa tena wakiwa wamepita miaka 70 na walijua lugha ya pili walifanya vyema kuliko ilivyotarajiwa kutokana na alama zao za utotoni, hata walioijifunza ukubwani. Lugha ya mkeo, ya jirani, au lugha ya ishara ya viziwi wa mtaa wenu, zote ni mazoezi.

Shule nazo zisiwe kisingizio. Kamati ya Gachathi ilipendekeza tangu mwaka wa 1976 kwamba lugha ya eneo itumike miaka mitatu ya kwanza. Mtaala wa umilisi, ulioanza shuleni kote mwaka wa 2019, umezipa lugha za kienyeji nafasi katika madarasa ya chini. Katiba ya mwaka wa 2010, katika Ibara ya 7, inaiagiza Serikali kuzilinda na kuziendeleza lugha za wananchi. Lakini hakuna katiba inayoweza kuingia jikoni kwako jioni na kumwambia mtoto "mwanangu, njoo ule" kwa lugha ya mamako.

Kazi hiyo ni yako, na haigharimu shilingi. Mtoto wako atakijua Kiingereza, usiwe na wasiwasi. Hakikisha tu kwamba siku mamako atakapobaki na lugha moja kinywani, kutakuwa na mjukuu wa kumjibu.